UZI: Hekalu dogo ng'ambo ya mto Mekong, na mti wa vioo nilioukasirikia bure

Mpanda Pantoni (#1)

Wakuu habari za usiku. Nilisema kule kwenye uzi wa wanafunzi wa Kunming, China, kwamba nikirudi likizo naleta stori ya Laos, watu wakanidai weee mpaka nikawa napita kimyakimya. Haya, mtihani umeisha, chai ipo, tukae.

Kwa asiyejua, kutoka Kunming sasa hivi kuna treni inaingia Laos moja kwa moja. Reli ya upande wa Laos ilifunguliwa Desemba 2021, abiria wa kuvuka mpaka wakaanza kupanda Aprili 2023. Unaondoka asubuhi, mpakani mnashuka wote na mabegi yenu, mnagongewa upande wa China, mnapanda, mnashuka tena upande wa Laos, mnagongewa, halafu ni handaki juu ya handaki mpaka masikio yanaziba. Alasiri uko Luang Prabang. Saa unarudisha nyuma lisaa limoja, mimi nilisahau nikafika kwenye chai ya gesti kesho yake hata jiko halijawashwa.

Mji wenyewe ni mdogo. Umekaa kwenye ulimi wa ardhi, upande huu Mekong upande huu mto unaitwa Nam Khan, na kwenye ncha ya ulimi mito inakutana. Zamani ulikuwa mji wa wafalme, mwaka 1995 UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia, kwa hiyo hakuna ghorofa za ajabu ajabu, ni nyumba za mbao, minazi kidogo, na mahekalu kila hatua mbili. Wao hekalu wanaliita wat.

Sasa pale kwenye ncha ndipo kuna Wat Xieng Thong. Hii ndiyo iko kwenye kila kalenda. Ilijengwa mwaka 1559 hadi 1560, enzi za mfalme Setthathirath, na mwaka 1887 wavamizi walipouchoma mji hii ikasalimika. Ina ngazi zake zinashuka mpaka majini, wafalme walikuwa wanapandia hapo wakija kwa mtumbwi. Jengo lenyewe la ibada wala si kubwa, wanaliita sim, nadhani msikiti wa mtaani kwetu Mwananyamala unalizidi. Ila paa lake wakuu!! Limepangwa tabaka juu ya tabaka halafu linashuka linashuka linashuka mpaka chini karibu na kichwa, unajikuta unainama hata kama hujaambiwa.

Nikazunguka nyuma. Ukuta wa nyuma wote ni mti. Mti mmoja mkubwa umetengenezwa kwa vipande vya vioo vya rangi kwenye ukuta mwekundu, matawi yamepanda mpaka juu, chini ndege na wanyama. Jua la saa kumi linaupiga, kila kipande kinawaka kivyake, ukisogea hatua moja mti unabadilika. Nilisimama pale nikasema moyoni, kaka, hawa watu wa mwaka 1560 walikuwa na akili gani.

Si ndio akaja mtawa mmoja kijana, miaka kumi na sita kumi na saba hivi, joho la rangi ya chungwa, anajifunza Kichina na mimi Kichina changu cha kuungaunga tukaelewana. Namsifia mti, namwambia zaidi ya miaka mia nne na bado unang'aa. Akacheka kwa adabu. Akaniambia huu mti umewekwa mwaka 1960.

Wakuu nilichukia! Babu yangu mzaa mama kazaliwa 1938. Mti ni mdogo kwa babu yangu. Nikajiona nimepigwa, sawa na kuuziwa kinyago cha Mwenge ukaambiwa ni cha kale cha Wamakonde.

Nikamuuliza mbona hamwandiki basi kwamba ni mpya. Akanijibu kwa swali: kwenu nyumba ya ibada mkiitengeneza inakuwa mpya?

Sikuwa na jibu. Naendelea kesho, simu iko asilimia nne.

kidawa_ (#2)

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Usituache njiani kama yule wa uzi wa Everest.

Mtu wa Nakuru (#3)

Niaje buda. Uzi bila picha ni umbea lakini huu nimeusoma wote. Swali moja tu, gharama? Na viza mlipataje nyinyi wa EAC?

Ustaadh Kijana (#4)

Assalam alaykum. Ndugu yangu nimefurahia safari ila naomba kuuliza bila ugomvi. Mnaenda kuangalia masanamu mnayaita sanaa. Yale si yanaabudiwa? Mtu unaingia unavua viatu kabisa mbele ya sanamu, hapo niyyah yako inabaki wapi?

FundiChokaa (#5)

Huyo mtawa kijana kakuuliza swali ambalo mimi hapa Mji Mkongwe naulizwa kila wiki na sijawahi kulijibu vizuri. Endelea ami, nina la kusema ila nasubiri umalize.

Mpanda Pantoni (#6)

Nimerudi. Nianze na maswali.

@Mtu wa Nakuru bei sikutajii, kip, hela ya kule, ilikuwa inaporomoka kila nikiangalia, nikikwambia leo kesho utanitukana. Ila kiingilio cha hekalu ni hela ya soda mbili tatu. Viza kila mtu aangalie pasi yake kwa ubalozi, sheria zinabadilika, na kama unasoma China hakikisha kibali chako cha ukaazi kiko hai la sivyo utabaki Laos unauza madafu.

@Ustaadh Kijana waalaykum salaam. Swali halali kabisa na mimi niliingia nalo. Viatu nilivua kwa sababu ndani ni safi, wote wanavua, hata kwa shangazi yangu Tandika siingii na viatu. Kusujudu sikusujudu wala hakuna aliyenilazimisha, unakaa pembeni kimya umekunja miguu basi. Ila nitakwambia nilichojifunza kuhusu yale masanamu kwa sababu mimi nilidhani yote ni yaleyale, kumbe mikono inaongea.

Angalia mkono. Budha aliyekaa, mkono wa kulia umeshuka gotini vidole vinagusa chini, huyo anaiita ardhi imtolee ushahidi. Hiyo ni usiku ule anaojaribiwa na Mara, kama tuseme ibilisi wao, anaambiwa wewe ni nani mpaka ukae hapo, yeye hajibu, anagusa ardhi tu. Budha aliyesimama viganja vyote viwili vimeelekea mbele kama anawaambia watu tulieni, huyo anazuia. Ile sanamu kuu ya mji mzima, Pha Bang, ndiyo iliyoupa mji jina, iko hivyo, na wala si kubwa, sentimita 83. Halafu kuna mmoja ambaye ni wa Walao hasa: kasimama wima, mikono miwili imeshuka chini imenyooka, vidole vinaelekea ardhini. Huyo anaita mvua. Nilikaa nikamwangalia muda mrefu, mwembamba, mikono mirefu imemwagika kama maji yenyewe. Mkulima wa Dodoma angemwelewa bila mkalimani.

Na kuna aliyelala. Pembeni ya sim kuna kibanda kidogo chekundu, Wafaransa walikipa jina wakasema kanisa jekundu, sijui kanisa limetokea wapi. Ndani kuna Budha wa shaba amelala ubavu, mkono mmoja umekishika kichwa lakini haukishiki kwa uzito, umekunjika kifundoni kwa nje kama mtu anayesikiliza. Pindo la joho linakunjuka mguuni kama moshi. Huyu mwaka 1931 alipelekwa Paris kwenye maonyesho ya makoloni, akakaa huko na kwingine mpaka akarudi Luang Prabang mwaka 1964. Miaka zaidi ya thelathini kalala ugenini mkao uleule.

Kuta za nje za hicho kibanda ndizo zilinipatanisha na vioo. Ukuta wa rangi ya waridi, juu yake vijitu vya vioo, na si malaika wala nini, ni watu wa kijijini! Watu na shughuli zao, nyumba, tembo, mitumbwi. Waliviweka mwishoni mwa miaka ya 1950 kusherehekea miaka 2500 tangu Budha aondoke duniani. Kuna kijitu kimoja nilikisogelea mpaka pua ikakaribia ukuta: uso umekatwa kwenye kioo cheupe kipande kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na fundi hakuweka macho wala mdomo, kaacha kioo tupu. Ukisimama mbele yake, uso unaouona ndani ya kile kipande ni wako.

Sijui kama alikusudia. Ila mimi hasira za mwaka 1960 ziliishia pale.

kidawa_ (#7)

Hapo kwenye uso nimesisimka jamani. Na sisi wanawake inakuwaje, tunaingia au tunaachwa nje na viatu?

Mpanda Pantoni (#8)

Mnaingia dada, magoti na mabega yafunikwe, kitenge kingetosha kabisa, wasio nacho wanakodi. Ila mtawa usimguse, wala usimpe kitu mkononi kwa mkono, unaweka chini au kwenye kitambaa yeye anachukua. Asubuhi kabla jua halijatoka watawa wanapita barabarani mstari mmoja pekupeku na bakuli zao, akina mama wamepiga magoti kwenye mikeka wanawatilia vitonge vya wali, ule wali wao wa kunata. Wengi wanaotia ni wanawake. Watalii nao sasa! Wanaingiza simu mpaka kwenye bakuli la mtu. Nilimwona mmoja anatembea kinyumenyume mbele ya watoto wa miaka kumi huku anawawashia flashi. Fikiria mtu akuwashie flashi uko kwenye foleni ya futari.

Mgosi wa Lushoto (#9)

Hapa jamvini kuna watu watasema ni utamaduni wa Asia mbali huko hauwahusu, ila Dar penyewe kuna hekalu la Wabudha waliloanzisha Wasinhala toka Ceylon, Sri Lanka ya leo, wakati wa Mwingereza. Watu wanapita nje kila siku hawajui ni nini.

Mtu wa Nakuru (#10)

Ulisema hekalu dogo ng'ambo ya mto. Hiyo yote ni ile kubwa ya kalenda. Tuvushe buda.

Mpanda Pantoni (#11)

Nakuvusha.

Ukisimama kwenye ngazi za Xieng Thong ukaangalia ng'ambo unaona kilima, miti, na paa moja linachungulia. Hiyo ni Wat Long Khun. Nilimwuliza yule mtawa kijana pale kuna nini akasema hakuna kitu, kumetulia tu. Mimi mtu akiniambia hakuna kitu ndio naenda.

Mwezi wa kwanza asubuhi kuna ukungu mzito juu ya Mekong, baridi ya kuvaa jaketi, mto umepungua na kwenye kingo watu wamelima bustani za mboga kwenye lile tope la mto, vituta vimenyooka kama vimepigwa rula. Kuna pantoni ya magari na kuna mitumbwi mirefu ya injini. Unajua mimi na pantoni, nimekulia Kigamboni, lakini nikajitia mjanja nikachukua mtumbwi. Tukakubaliana bei na mwenye mtumbwi, nikamlipa yote ya kwenda na kurudi pale pale. Mnajua stori inakokwenda, tutafika.

Ng'ambo ni kijiji, njia ya miguu, kuku, mama mmoja anaanika mwani wa mtoni. Wanauchuma Mekong, wanaukausha kama karatasi na ufuta juu, unakaangwa, mtamu balaa, unakula na pilipili yao iliyopondwa na ngozi ya nyati. Nikanunua. Nikapanda ngazi.

Wakuu, ni padogo. Sim moja, vibanda vya watawa vya mbao, mti, kimya. Mtu wa kuniuzia tiketi alikuwa bibi mmoja kakaa kwenye kigoda. Ukifika mlangoni unapokelewa na mabwana wawili waliochorwa kila upande wa mlango, wakubwa kuliko mtu, wana ndevu, mavazi ya Kichina. Walinzi. Nilitoka Kunming kwenda kuuona Ulao, na wa kwanza kunipokea ni Mchina! Lakini angalia mji ulipo, mto ule unatoka huko huko China, na biashara na rangi na mafundi vilikuwa vikishuka na maji.

Pale ndipo mfalme mtarajiwa wa Luang Prabang alikuwa anavushwa kabla ya kutawazwa, anakaa siku tatu. Anajitakasa, anatafakari, halafu anavuka kurudi kuwa mfalme. Ona akili hiyo. Ikulu iko ng'ambo unaiona, Xieng Thong na dhahabu zake unaiona, wewe unawekwa kwenye chumba kidogo upande wa pili uangalie mji wako ukiwa mbali.

Bibi akanifungulia. Ndani ni giza, madirisha madogo, nikangoja macho yazoee. Halafu kuta zikaanza kutokea. Zimechorwa zote, michoro ya Jataka, yaani hadithi za maisha ya Budha kabla hajawa Budha, alipokuwa mara mfalme, mara mnyama, mara mtu wa kawaida. Ila rangi zimepauka, pale paa lilipowahi kuvuja maji yameshuka na mchoro yameacha michirizi. Kikundi cha watu wanatembea halafu katikati ya safari ukuta unachubuka, wanapotea, upande wa pili wa kidonda wanatokea tena miguu tu. Wafaransa wa ile taasisi yao ya masomo ya Mashariki ya Mbali walisaidia kulikarabati hekalu miaka ya 1990, na nikaona wamewaacha wale watu na pengo lao, hawakujaza.

Nilikaa chini kuangalia. Goti likaanza kuuma nikanyoosha miguu. Nikasikia tap tap begani. Bibi. Hakusema kitu, kaonyesha nyayo zangu, halafu kaonyesha Budha. Nyayo zangu size 44 zilikuwa zimemwelekea usoni. Pale ardhi ipasuke! Nikakunja miguu haraka, naomba radhi kwa Kichina, kwa Kiswahili, kwa kila lugha. Bibi akakaa chini kando yangu akanionyesha wanavyokaa, miguu yote imekunjwa upande mmoja nyuma. Nikajaribu nikaanguka ubavu. Bibi akacheka mpaka akajifuta macho na pindo la sketi yake.

Mtumbwi? Nimetoka nimeshuka ngazi, mto mweupe, hakuna mtu. Alikwishaenda zamani. Nilikaa mpaka jua linazama nikapanda pantoni na pikipiki na magunia ya kabichi kama mtu wa Kigamboni ninavyopaswa.

kidawa_ (#12)

Hahahaha nyayo 44 mbele ya madhabahu. Bibi ana roho nzuri, wa kwetu angekuchapa na upawa.

FundiChokaa (#13)

Sasa niseme langu. Mimi ni fundi wa majengo ya kale hapa Unguja, baba yangu fundi, na Mji Mkongwe nao UNESCO wameuandika mwaka 2000, kwa hiyo ugomvi huu naujua.

Mkuu umesema vitu viwili vinavyopingana na hukuviona. Xieng Thong wanaongeza, wanapaka, wanaweka vioo, kila kizazi kinatia mkono. Long Khun wamekarabati halafu wakasimama, pengo ni pengo. Ni njia mbili tofauti, na kila moja ina watu wake wanaotukanana. Kwetu tajiri akitaka thawabu anajenga msikiti upya. Hakuna mtu anaenda mbinguni kwa kuziba ufa! Anakuja na saruji, marumaru, madirisha ya aluminiamu. Na saruji ndiyo inaua, kwa sababu ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua, unavuta unyevu na kuutoa, ukiuvisha saruji maji yanabaki ndani, miaka michache lipu inabanduka na jiwe nalo linamong'onyoka. Mimi sina shida na kutengeneza. Nina shida na kutengeneza kwa kitu ambacho ukuta haukijui.

Hao mafundi wa mwaka 1960, kama umesema kweli, walikuwa wanajua ukuta wao. Ndiyo maana mti bado umesimama.

Mpanda Pantoni (#14)

Fundi umenimaliza. Na kule ni hivyo hivyo, kujenga na kutengeneza hekalu ni thawabu, wanaiita bun, kwa hiyo mtu anataka kitu kionekane, king'ae. Kutoa hela mchoro uliopauka ubaki umepauka, nani atatoa?

Halafu kuna kitu sikukisema. Ile nyumba ya gari la mazishi la mfalme, ipo hapohapo Xieng Thong, mbao zimechongwa zote zimepakwa dhahabu, stori za Rama na Sita, zile za kale za Kihindi, kwa namna yao, fundi wake anaitwa Thit Tan, ilijengwa 1962. Ndani kuna gari lina urefu wa kwenda juu mita 12, mbele limetokeza vichwa vya nyoka mdomo wazi, lilitengenezwa kwa ajili ya mfalme Sisavang Vong aliyefariki 1959. Miaka ileile ya mti! Yaani sisi tunadai uhuru, kule mafundi walikuwa wanachonga na kukata vioo kwa ajili ya mfalme, na 1975 ufalme ukafutwa. Hawakujua kama wanamalizia.

Mgosi wa Lushoto (#15)

Hao nyoka ni nini? Kila picha ya mahekalu ya huko ni nyoka kwenye ngazi, nyoka kwenye paa.

Mpanda Pantoni (#16)

Naga. Nyoka wa majini, mwenye mto. Kwao si shetani, ni mlinzi wa mvua na maji, na Budha aliponyeshewa akitafakari, naga akamfunika kwa vichwa vyake kama mwamvuli. Mwezi wa nne, mwaka mpya wao, sanamu zinaogeshwa, na hazimwagiwi maji kwa ndoo. Kuna mfereji mrefu wa mbao umechongwa umbo la naga, watu wanamimina maji mgongoni mwa nyoka, yanapita mwilini mwake yanamdondokea Budha. Yaani hata maji ya kumwogeshea sanamu lazima yapite kwa mwenye mto.

Ustaadh Kijana (#17)

Nimekusoma mkuu. Msimamo wangu uko palepale, ila nashukuru umejibu bila kebehi. Na hiyo ya kukata vioo na kubandika ukutani, sisi pwani tulikuwa na yetu, nenda Kunduchi makaburini uone sahani za Kichina zilivyopachikwa kwenye kuta za makaburi ya wazee. Nyingi zimeng'olewa, yamebaki mashimo ya duara.

FundiChokaa (#18)

Naam sheikh, na wala hayajazwi. Ukijaza na sahani ya dukani itakuwa kichekesho.

kidawa_ (#19)

Na yale maua ya yungiyungi kwenye milango ya Unguja, nayo si ya Wahindi na Wabudha huko?

FundiChokaa (#20)

Yungiyungi lipo ndiyo, na mnyororo, na samaki, na mtende. Ukimuuliza mchongaji leo kwa nini unachonga yungiyungi anakwambia mteja kalitaka.

Mpanda Pantoni (#21)

Nyingine ya kuwaunga na pwani: kuta za ndani za Xieng Thong ni nyeusi na michoro ya dhahabu. Wanapaka utomvu mweusi, wanaweka karatasi iliyokatwa nakshi, wanabandika dhahabu nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu kwenye matundu, wanatoa karatasi. Humo kuna hadithi ya mfalme wa mwanzo kabisa, Chanthaphanit, na huyo mfalme kazi yake kabla ya ufalme alikuwa mfanyabiashara wa tambuu. Muuza tambuu! Bibi yangu wa Pangani aliposikia hivyo kwenye simu alisema hilo hekalu ni la watu wenye adabu zao.

Mtu wa Nakuru (#22)

Sasa wewe ulivua viatu nje mara ngapi na hakuna kitu kilipotea? Msikiti wa kwetu ukivua vipya unatoka na vya zamani.

Mpanda Pantoni (#23)

Nilikuwa naficha hilo aibu.

Xieng Thong siku ya kwanza, nimetoka ndani, malapa yangu mapya ya Kunming hayapo. Mahali pake kuna malapa ya pinki, namba kama 38, yana ua. Nimekaa pale nusu saa kila mtu akitoka namwangalia miguu kama polisi. Mwisho nikavaa ya pinki, kisigino kinaburuza chini, nikatembea nayo mji mzima siku nne, nikavuka nayo mpaka Long Khun. Ndiyo yale bibi aliyaona mlangoni. Nilidhani anacheka nilivyoanguka.

kidawa_ (#24)

PICHA YA MALAPA SASA HIVI.